Bango Tulilolibandua Ibra

Habari ilinifikia kwa ujumbe wa simu, asubuhi, nikiwa nachambua mchele. Mistari miwili ya Kiarabu: jina la marehemu, jina la baba yake, na kwamba azaa, yaani matanga, itakaliwa Nizwa, nyumbani kwa mwanawe, kwa siku tatu. Nilikaa kitako pale pale jikoni, na sinia la mchele mapajani. Sikulia. Wazo la kwanza lililonijia, nami naliandika kama lilivyokuja ingawa halinipendezi, ni kuwa sasa sina tena haja ya kumpeleka mjini Sur. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kuwa sina mazoea ya kuwaliza watu katika safu hii, na marehemu mwenyewe hakuwa na subira na sifa za matangani. Alikuwa akisema watu wangesifiwa vile wangali hai, wasingekufa na vinyongo vyao. Basi sitamsifu kupita kiasi. Nitasimulia jambo moja tulilolifanya pamoja, mimi na yeye, tukaliacha likae miaka zaidi ya kumi, na ambalo sasa limebaki kwangu peke yangu.

Hatukuwa mashoga wa kuingiliana hadi chumbani. Tulikuwa tukifanya kazi skuli moja ya sekondari ya wasichana huko Ibra, katika miaka ya tisini. Yeye akisomesha Kiingereza, mimi nikitunza maktaba. Sote wawili tulizaliwa Unguja na tukaja huku Omani tukiwa wasichana wakubwa, na Kiarabu chetu kilikuwa kikichekwa na waalimu wenzetu mpaka tukazoea kukaa pembe yetu na chupa yetu ya chai ya maziwa. Wanafunzi walimwita Abla, kama wasichana wa huku wanavyomwita kila mwalimu mwanamke, nami nitamwita hivyo hivyo. Alikuwa mfupi, mkali, mwenye sauti ya kupenya ukuta, na alikuwa na wazimu mmoja: Amerika. Hakuwahi kufika. Lakini alikuwa na kabati zima la vitabu vya historia yake, na kila mwaka aliwachagua wasichana ishirini wa chama cha Kiingereza, wakaisoma nchi ile mwaka mzima, kisha mwisho wa mwaka wakafanya maonyesho mbele ya wazazi na wakaguzi.

Na wasichana wale walisoma kweli. Watoto ambao baba zao walikuwa na mitende Wadi Bani Khalid walikuja maktabani kunieleza jinsi reli ilivyotandikwa kwenda magharibi, na jinsi wenyeji wa asili walivyosukumwa kutoka ardhi moja hadi nyengine kwa mikataba isiyotimizwa. Mwaka mmoja walitaka kuigiza familia ya walowezi, wakahitaji aproni za kina mama. Aproni hazikupatikana. Abla akawaambia kila mwenye bibi aliyetoka Afrika aje na kanga. Ikawa siku ya maonyesho walowezi wa Amerika wamejifunga kanga viunoni, nyekundu na nyeusi, maandishi yametua juu ya tumbo. Mkaguzi, bibi wa heshima aliyetoka Maskati, akauliza kwa upole kama ni kweli Wamarekani walivaa vile. "Wa kusini," Abla akamjibu bila ya kupepesa macho. Mkaguzi akaandika katika daftari lake. Nilicheka mpaka ikabidi nitoke nje, na hata leo nikikumbuka nacheka. Nimetaka mumjue kwa hilo kwanza, kwa sababu linalofuata halichekeshi.

Mwaka uliofuata alikuwamo msichana mmoja wa miaka kumi na saba, mrefu, mkimya, mwenye mwandiko mzuri kuliko wenzake wote. Jina lake la kabila lilikuwa ni lile lile la Abla. Mgeni angedhani ni mtu na mtoto wa ndugu yake. Sisi pale skuli tulijua kuwa sivyo. Mababu wa msichana yule walikuwa watumwa wa watu wa kabila lile, huko Unguja, katika mashamba ya karafuu, na walipoachwa huru walibaki na jina la mabwana zao. Wajukuu wakaja Omani miaka ya sabini na jina hilo hilo ndani ya paspoti. Katika karatasi ni watu wa kabila moja. Katika kuposa na kuposwa, katika harusi na katika misiba, kila mtu anajua nani ni nani, wala hakuna anayelitamka. Sasa katika kugawana kazi za chama, kwa bahati tu, somo lililomwangukia msichana yule likawa ni utumwa wa Amerika na yaliyofuata baada ya uhuru.

Alilifanyia kazi wiki nyingi. Alikaa maktabani kila mapumziko, akatengeneza bango kubwa la kadibodi, lenye ramani ya mashamba ya pamba na maelezo kwa mkono wake mzuri ule. Siku ya mazoezi ya mwisho alisimama mbele ya wenzake, akasoma kwa Kiingereza kuwa wengi wa walioachwa huru walibaki na majina ya watu waliokuwa wakiwamiliki, na wengine wakajichagulia majina mapya. Abla akampongeza. Msichana hakukaa. Alisogea karibu na meza ya mwalimu, akashusha sauti, akasema kwa Kiswahili, lugha ambayo mwaka ule ndani ya chumba kile tulikuwa tukiifahamu watu watatu tu, yeye, Abla, na mimi niliyekuwa nimeleta gundi: "Abla, samahani. Jee, na sisi ndo vivyo hivyo? Miye na wewe jina letu moja."

Hakuuliza kwa ujeuri. Aliuliza kama mtoto anavyomuuliza mamake jambo alilolisikia nje. Na aliuliza kwa Kiswahili ili amsitiri mwalimu wake mbele ya wenzake. Hilo nililielewa baadaye, nikiwa nimelala kitandani kwangu, na liliniuma zaidi ya swali lenyewe. Abla alibadilika uso. Alilipiga dawati kwa kiganja, akasema kwa Kiarabu, kwa sauti ya kusikiwa na wote: "Hiki ni chama cha Kiingereza. Hapa hakizungumzwi Kiswahili." Wasichana wakacheka, wakidhani mwenzao amekamatwa na kosa dogo. Yeye akarudi mahali pake akakaa.

Asubuhi ya maonyesho Abla alinikuta ukumbini kabla ya wanafunzi kufika. "Shoga yangu, nisaidie tulitoe lile bango," akaniambia. "Watakuja jamaa zetu, atakuja kaka yangu. Wakilisoma pale, na jina lake yule mtoto liko chini, wataniambia nini miye?" Ningeweza kusema hapana. Hata kumuuliza "kwani si kweli?" ningeweza. Nilimshikia kiti akapanda, akabandua, nikalipokea bango, nikalipeleka stoo na kuligeuza uso ukutani. Mahali pake tulitia picha ya vyakula vya Wamarekani: mahindi, maboga, na pai ya tofaa. Msichana alipofika aliitazama mara moja tu. Alisimama pembeni ya picha ile asubuhi nzima, kajitanda mtandio wake vizuri, akiwaeleza wageni kwa Kiingereza kisicho na kosa jinsi pai ya tofaa inavyookwa. Mamake alikuja, akafurahi, akampiga picha.

Nimeuliza nafsi yangu mara nyingi kwa nini tulifanya vile, sisi tuliokuwa tukijiona watu wa elimu. Historia ya watu wa mbali ina raha yake. Madhambi ya Wamarekani hayana shangazi anayekaa mtaa wa pili, wala hayana kaka wa kuja kukuuliza mbele ya watu. Tuliwalilia watumwa wa pamba, na machozi yalikuwa ya kweli; Abla alikuwa hawezi kuendelea kusoma akifika pale mama anapouzwa mbali na mwanawe, sharti ampe mwanafunzi kitabu amalizie. Lakini bibi wa msichana yule alikuwa akikaa nyuma ya soko, tukipita mlangoni pake kila wiki, na hakuna kati yetu aliyewahi kumuuliza mama yake mzazi alitolewa wapi. Na sisi khasa tungepaswa kuuliza. Tumekula uchungu wa kuonekana wageni katika nchi ya babu zetu, wa kuambiwa maofisini "ah, kumbe wewe Mzinjibari" na mdomo umepinda. Hayo tumewahadithia wana wetu mpaka wamechoka nayo. Na huku tukihadithia, tulikuwa tumekuja nao, ndani ya masanduku yale yale ya nguo, mpango wetu wa zamani wa nani akae wapi na nani amhudumie nani, na tulipofika tukaufungua ukatukaa vizuri kabisa.

Miaka ikapita. Barabara zikapanuliwa, simu zikaingia kila mfuko, wasichana wetu wakaenda vyuoni. Yule wa bango akawa mfamasia katika hospitali huko Sur, akaolewa, akapata watoto wawili. Abla alistaafu, akahamia Nizwa kwa mwanawe, na figo zikaanza kumtesa. Nilipomtembelea mara ya mwisho, wakati wa joto, nilimkuta amekonda, miguu imevimba, sauti ile ya kupenya ukuta imebaki ya kusikizwa kwa kuinamiwa. "Unalikumbuka lile bango?" akaniuliza. "Bango lipi?" nikasema, na nilijua. "Wacha hayo, weye unalijua. Nipeleke Sur. Nataka nimwambie yule mtoto ndiyo. Simu sitaki, nataka nimtizame." Mwanawe alikuwa hataki asafiri, mimi nina gari na nina leseni. Nilimwambia: "Utamtonesha bure, Abla, mambo hayo yamekwisha. Na joto hili, mwendo wa saa nne! Ngoja jua lipoe, inshallah." "Haya," akasema, akageukia ukutani. Na jua lilipoa. Nilikwenda harusi mbili Maskati, nikaenda Tiwi na wajukuu kuoga wadini, katika maji ya bondeni. Sur sikumpeleka mtu.

Kwenye azaa, siku ya pili, yule mwanafunzi wetu alikuja. Alikuwa ameondoka Sur baada ya sala ya alfajiri, akaendesha gari mwenyewe. Aliwapa mkono wa rambirambi watu wa nyumba, akaja kukaa karibu nami juu ya zulia, akanishika mkono. "Shikamoo, bibi." Tukazungumza kwa kunong'ona, na Kiswahili chake kilikuwa kile kile cha bibi yake. Nilimwambia yote: bango, maradhi, safari niliyoiahirisha. Nilidhani nampa kitu. Alinisikiliza huku akitazama mikono yake.

"Kila Iddi nikimpigia simu," akasema. "Ataniuliza watoto, ataniuliza kazi. Kisha atanyamaza. Na miye nanyamaza, namngoja. Halafu atasema, haya mwanangu, tutazungumza."

"Alikuwa anataka kukwambia ndiyo," nikasema.

"Ndiyo naijua, bibi. Kwetu nani asoijua? Nilitaka aiseme yeye."

Wakati ule ule aliingia mama mmoja wa ile nyumba, jamaa wa marehemu, birika la kahawa mkononi, wageni wamezidi na wasaidizi hawatoshi. Macho yake yalipita juu ya wanawake wote tuliokaa safu ile, wakiwamo mabinti wawili watatu wenye nguvu zao ambao hawakuwa na kazi isipokuwa kutazama simu. Yalisimama kwa mfamasia wa Sur. Alimjua ni wa nani. "Mwanangu," akamwambia, kwa upole kabisa, bila ya ubaya wowote, "hebu inuka uwape watu kahawa." Akainuka. Akashika birika kwa mkono wa kushoto na vikombe kwa mkono wa kulia, akaanza kwa wazee, akawa anakuja safu kwa safu. Maneno nilikuwa nayo mdomoni: kaa, mwanangu, nipe miye. Yalikuwa maneno manne, na nilipata muda mrefu wa kuyasema. Alipofika kwangu aliinama, akanimiminia. Nilipokea kikombe, nikanywa, nikakitikisa kuonyesha kuwa nimetosheka, naye akapita kwa mwengine.

Kwa hiyo hili ndilo ninaloweza kuwapa, nyinyi mnaonisoma, kutoka kwenye msiba huu. Zamani nikidhani kuwa dhulma kama ile, ili idumu kizazi baada ya kizazi, lazima iwe na watu wenye roho mbaya wa kuilinda. Si lazima. Inaishi vizuri tu kwa watu kama Abla na mimi, watu wa huruma, wanaojua jibu na wanaompenda anayeuliza, wakaona uzito kuinuka pale walipokaa.