Nilivyomsifia Mwenyekiti kwa Sinema ya Nusu

Aibu hii ningeimeza, ila kwa kuwa soko zima la Lushoto linaijua, bora muisikie kwangu niliyejichongea. Walionesha sinema ukumbi wa shule, baadaye watu waijadili, nami nilikwenda kwa sababu moja tu: mwenyekiti wa soko angekuwepo, na kesho yake alikuwa anagawa vizimba vya kuuzia, na mimi karoti zangu nauzia chini, kwenye matope. Mlangoni nikabishana bei na dada wa tiketi (nabishania hata kiberiti) mpaka akachoka, akasema basi subiri mapumziko, uingie kwa nusu. Nikaona nimeshinda.

Kwenye sinema nikakuta kijiji cha enzi za korona kimegawanywa kwa kamba, huku wavaa barakoa, kule wapiga nyungu wanaojifukiza majani, hawaombani hata moto, na mwenyekiti wao kasimama kwenye kamba analia kwamba anawalinda wanawe. Ukumbi mzima unacheka. Nikasema moyoni, watu hawa hawana huruma.

Mwalimu aliyeongoza mjadala akauliza nani aanze, nikasimama. Nikasema yule ndiye kiongozi, mwenye uchungu na watu, na mfano wake tunao humu humu, mwenyekiti wetu wa soko, ni yeye mtupu. Watu wakacheka, nikajua nimewakuna, nikaongeza kwamba hata ile kamba ningemshikia. Kina mama wa nyuma wakaanza kusemezana Kisambaa, khanga mdomoni.

Mwalimu akaniuliza taratibu kama niliona sehemu ya kwanza. Nikasema nimeiona (sijui nani alinituma).

"Basi utakumbuka ugonjwa aliuleta yeye, akajificha darini, akafunga kamba ili watu wasingiziane."

Nikahesabu milango ya ukumbi mara mbili. Ni mmoja, na mwenyekiti amekaa karibu nao.

"Shikamoo, mzee," nikasema nikimpita, nimeinama.

"Marahaba, mwanangu. Kizimba umepata."

Nikashukuru karibu nipige magoti.

"Kile kinachotazamana na mlango wa ofisi yangu," akaendelea. "Nataka kila nikitoka, tuonane."

Ndipo nilipo mpaka leo, miguu mikavu, shikamoo haziishi. Na nimeapa: sinema niliyoikuta imeanza sitaijadili hata na mke wangu, na niliyoiona tangu mwanzo, namsubiri kwanza mwenyekiti acheke.