Uji Nilioshindwa Kumnyima Mzee

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko wangu unaolala upande kama mahindi yaliyopigwa na upepo, na kwa maneno nitakayoyakosea. Niliishia darasa la saba hapa Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi Uganda, na ukurasa mmoja hunichukua asubuhi nzima. Lakini jambo hili nimeshindwa kulisema kwa mdomo.

Baba anataka nirudi shule. Nina miaka kumi na tisa. Anataka nianze sekondari, nikae na watoto wadogo darasani, nimalize, kisha nisomee uuguzi. Mjomba wangu anayeuza ndizi Ruti, pale Mbarara mjini, amekubali nilale kwake. Muhula unaanza wiki ijayo nami sijajibu. Naingia shambani, natoka kabla mstari haujaisha, narudi tena. Dada yangu anasema natembea kama kuku anayetafuta fasi ya kutagia.

Yote yalianzia hospitalini, Mbarara. Baba alianguka na baiskeli yenye mzigo wa mahindi, mfupa wa paja ukavunjika. Alilazwa majuma sita, mguu umefungwa kamba yenye uzito. Huko mgonjwa huja na mtu wake wa kumwuguza, ndiye hupika nje, hufua, humwosha, humwaga mkojo. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Mbele ya watu sauti hunipotea, lakini kumwosha mgonjwa hakuhitaji maneno mengi. Nilijifunza kumgeuza baba bila kuutikisa mguu, na kubadilisha shuka naye akiwa juu yake. Wagonjwa ambao ndugu zao walikuwa hawajafika wakaanza kuniita. Siku moja sista wa zamu ya asubuhi alinikuta nikimnyoa mmoja wao ndevu.

"Wewe, nani alikufundisha?"

"Hakuna, sista."

"Basi enda usome hii kazi. Mikono yako haina haraka."

Baba alisikia. Tangu siku ile, kwake mimi ni muuguzi tayari. Aliwaambia hata watu wa kanisa waliokuja kumwombea.

Kwenye kitanda cha pili alikuwapo mzee, askari mstaafu kutoka kambi ya jeshi ya Makenke, aliyesubiri kupasuliwa ngiri. Aliniita koplo. "Koplo! Chupa imejaa, peleka mbele!" Wodi nzima ilicheka, na mimi pia.

Asubuhi ya upasuaji wake sista alimwambia asile wala asinywe kitu. Kisha akanigeukia. "Binti yake hajafika. Wewe uangalie." Nikasema ndiyo. Lakini watu wa ajali waliingizwa chumba cha upasuaji kabla yake, saa zikapita, nami nikarudi kutoka jikoni na uji wa baba.

"Koplo, hiyo ni uji ya mahindi?"

"Ndiyo, mzee."

"Mimi iko na njaa toka jana. Letea mimi kidogo."

"Sista amekataza."

"Sista alipigana porini? Mimi nilipigana."

Baba akacheka. Mzee akaacha mzaha, akanishika mkono. "Mwanangu, kama nakufa leo, nakufa na tumbo tupu?"

Kule Kivu ya Kusini, Kongo, tulikotoka, mgonjwa akiomba chakula watu hufurahi, husema anarudi uzimani. Kumnyima ni kama kumwambia aende zake. Baba mwenyewe alisema kwa sauti ndogo, "Umupatie kidogo. Mugonjwa habamunyimi chakula."

Nilijua nilichoambiwa. Sikusahau. Nilishindwa tu kumtazama mtu wa umri wa babu yangu na kumwambia hapana. Nikampa kikombe. Akanywa chote, akafuta mdomo kwa shuka.

Nusu saa haikupita, wakaja na kitanda cha magurudumu. Sista akamwuliza, "Umekula kitu?"

"Hapana kitu," akajibu, akanikonyeza.

Baba alitazama dari. Walianza kumsukuma. Nikawafuata mpaka mlangoni, nikarudi kwa baba, nikatoka tena. Nilikuwa nimewasikia wauguzi wakieleza kwamba mtu akipewa dawa ya usingizi tumbo likiwa limejaa anaweza kutapika, matapishi yakaingia mapafuni. Walikuwa wamefika mwisho wa korido sauti iliponitoka.

"Sista, amekunywa uji. Mimi ndiye niliyempa."

Kitanda kikasimama. Mzee alinitukana kwa Kinyankole, kisha kwa Kiswahili ili nielewe vizuri. "Msaliti! Jeshini mtu kama wewe tunafunga!"

Upasuaji ukasogezwa mbele siku mbili. Binti yake alipofika alinigeuzia mgongo. Sista hakupiga kelele. Aliosha mikono, akaikausha kidole kimoja kimoja.

"Nilisema usome. Sasa sijui. Hapa utakataza watu kila siku. Watalia, watakutukana. Utaweza?"

Mzee alipasuliwa, akapona, akaondoka bila kuniita koplo.

Baba anasema nilisema kweli na Mungu aliona, yatosha. Mimi nawaza jambo jingine. Kama ningekuwa nje nikifua walipokuja kumchukua, je?

Niliacha kuandika hapa juzi. Jana asubuhi mvua ilinyesha, na baba, ambaye bado anatembea kwa magongo na daktari amemkataza kulima, alitaka jembe.

"Mistari miwili tu. Mbegu itaoza."

"Hapana, baba."

"Unasema nini?"

"Mguu haujapona. Jembe sikupi."

"Mimi ndiye niliyekuzaa, na leo unanifunga kama mbuzi?" Dada yangu alitoka nje. Jembe sikuliachia. Jioni chakula nilichompelekea baba alikirudisha nusu.

Leo nimemwambia nitakwenda Ruti. Akaitikia kwa kichwa tu. Sijui kama hapana moja kwa baba yako inatosha kwa wodi nzima. Nitaanza shule, na nikiona siwezi, nitasema mapema, si mwisho wa korido.

Ninyi wauguzi mnaofanya kazi hii, niandikieni. Je, mlikuja mkiwa mnajua kumkatalia mtu mzima anayewashika mkono, au mlijifunza hapo? Na usiku wake mlilala? Andikeni kwa herufi kubwa, maana nasoma polepole, lakini nitasoma zote.