Mama Mkwe Ametengwa na Kanisa, na Mimi Nimenyamaza

Admin, jina langu lifiche vizuri, maana Karatu hapa tunajuana hadi kwa kanga. Mimi ni mwanamke wa miaka 29, Mwiraqw, nimeolewa. Mume wangu ni dereva wa watalii, wiki nzima yuko kreta ya Ngorongoro au Serengeti. Naishi na mama yake, namwita Aayo, yaani mama kwa lugha yetu. Wengi humu mnalia na mama wakwe zenu. Mimi wa kwangu nimemuumiza mwenyewe, na nisiposema mahali nitapasuka.

Mwaka jana mtoto wangu wa kwanza alifariki akiwa na miezi saba. Homa ya siku mbili tu, tulifika hospitali ameshanyamaza. Sitaki kueleza zaidi hapo. Baada ya mazishi watu wakajaa nyumbani, na jamani, watu wana maneno! "Usilie, Mungu amempenda zaidi." "Wewe bado kijana, atakupa mwingine." Huku maziwa yananitoka, kanga imelowa kifuani, naambiwa nishukuru. Dada mmoja wa kwaya akaniambia labda Mungu ananifundisha kitu. Nilitamani kumrushia kikombe cha chai.

Sasa kwetu kuna mila ya zamani. Mama aliyefiwa na mtoto anayenyonya anafungiwa ndani miezi kadhaa: haendi kwa jirani, hachoti maji na wenzake, hapewi mkono. Kanisa linaikataza, na kweli wanawake wengi waliteseka nayo. Lakini mimi niliitaka. Nilimfuata Aayo jikoni akichambua maharage ya ngwara, nikamwambia, "Mama, nifungie. Waambie nina mwiko, asiingie mtu."

Akashtuka. "Mwanangu, hayo tuliyaacha. Mimi ni mzee wa kanisa, unataka nichekwe?"

Nikapiga magoti. Akaniangalia sana, akasema, "Haya. Lakini sitakuacha humo peke yako."

Nikakaa chumba cha nyuma miezi mitatu; mume wangu akirudi aliambiwa tu bado napumzika. Aayo aliwazuia watu getini, kisha anakuja na ungo wake, anakaa chini karibu nami. Hakuniambia ninyamaze hata siku moja. Nikilia, yeye anaendelea kuchambua. Alinisimulia watoto wawili aliowazika kabla ya kumzaa mume wangu, nilikuwa sijui kabisa. Siku moja nikamuuliza kwa hasira, huyo Mungu wake alikuwa wapi. Akajibu, "Yesu alilia kaburini kwa rafiki yake, na alikuwa anajua atamfufua. Sasa wewe usiyejua chochote, nani akukataze kulia?" Nililia mpaka nikasinzia mapajani mwake. Nilipoamka nikasali, mara ya kwanza tangu msiba. Kwa nini mwanangu alikufa sikujibiwa, na mpaka leo sijui. Ila nilijua Bwana yumo mle chumbani, analia na mimi. Imani yote niliyo nayo leo niliipata pale.

Habari zikafika kanisani. Mchungaji akaja na wazee watatu, na siku hiyo mume wangu naye alikuwa amerudi safari. Mchungaji akauliza, "Nani amemfungia binti huyu kwa mambo ya giza?"

Nilifungua mdomo. Nikaona mume wangu alivyokunja uso, nikaona aibu, mtu mzima na kidato cha nne changu nimeomba mila kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikainama.

Aayo akasema, "Ni mimi, mchungaji."

Nikanyamaza hivyo hivyo, nikatolewa nje naimbiwa mapambio.

Aayo ametengwa. Uzee wa kanisa amevuliwa, Meza ya Bwana hashiriki, anakaa benchi la mwisho karibu na mlango. Mwanawe akija anamsalimia kwa mdomo tu. Na mimi? Mimi nimekuwa ushuhuda! Naitwa kwenye vikundi vya akina mama nieleze jinsi Bwana alivyoniokoa kwenye mila. Nasimama, naongea, wanalia. Mungu anisamehe.

Nilimwambia Aayo nataka kusema ukweli. Akakataa katakata. "Watakutenga wewe, na mumeo atakuonaje? Una miaka mingi bado ya kukaa na hao watu." Nikamwambia basi atubu yeye, arudishwe kundini. Akacheka kidogo. "Nitubu nini? Siwezi kumwambia Mungu najuta kukaa na wewe."

Sasa anaumwa. Ana uvimbe tumboni, madaktari wametuambia tumtunze nyumbani. Hata uji haupiti vizuri. Jana akaniuliza kama namjua mtu wa kumwombea siku ya kuzikwa, maana kwetu aliyetengwa mchungaji haji kaburini. Aliuliza taratibu tu, kama anaulizia chumvi. Nilitoka nje nikajiziba mdomo kwa kanga.

Jumapili ijayo ni sikukuu ya mavuno, nimepangiwa kutoa ushuhuda, na mume wangu atakuwepo. Nikisema, nimevunja neno la mgonjwa, na ndoa yangu sijui itakuwaje. Nikinyamaza, mtu aliyenionyesha Yesu atazikwa kama hana kanisa. Ndugu zangu, nishaurini, nifanye nini? Ila tafadhali msiniandikie "mwombe Mungu." Mungu anaujua ukweli tangu siku ile. Mimi ninaowaogopa ni watu wa benchi la mbele.