Matope ya Ndiva

Chuoni walituuliza kwa nini tunataka ualimu. Wenzangu wakajibu, mmoja baada ya mwingine, kujenga taifa. Na mimi nikasema kujenga taifa, nikakaa. Uongo mtupu. Mimi nilienda ualimu kwa hasira.

Nilipokuwa darasa la tatu kule Suji, siku ya zamu yetu ya maji niliamka na mama alfajiri kwenda kufungulia ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba. Ukikosa zamu, mahindi yako yanakauka na hakuna wa kumlaumu. Nikafika shule nimechelewa, miguu matope hadi magotini. Mwalimu hakuuliza kitu. Alinichapa mbele ya shule nzima mpaka nikajikojolea. Siku ile niliapa: nitakuwa mwalimu, na mtoto akinijia na matope nitamwuliza kwanza ametoka wapi.

Basi serikali ikanipanga wapi? Suji hiyo hiyo, kwa majaribio, na mkuu wa shule ni yule yule mwalimu aliyenichapa. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, wala hakunikumbuka. Iliniuma. Na huyo ndiye angesema kama nafaa kazi au nikae nyumbani bila kazi, ambako baba alishafariki na wadogo zangu wananitegemea mimi.

Asubuhi moja tukiwa mstarini akaingia msichana mdogo, amechelewa, miguu imejaa matope. Mkuu akanipa fimbo.

"Mchape. Nataka nione kama kazi hii unaiweza."

Nikamwuliza mtoto ametoka wapi.

"Ndiva, mwalimu. Leo zamu yetu."

"Nenda darasani."

"Simama hapo hapo," mkuu akamwambia, kisha akanigeukia. "Wewe binti, ualimu wa namna hii umefundishwa na nani?"

"Na wewe, mwalimu. Nikiwa darasa la tatu. Nilikuwa na matope kama haya."

Akanitazama miguuni. Akanyoosha mkono, nikamrudishia fimbo yake. Nikajua sasa mtoto anachapwa na mimi nafungasha. Mtoto wa watu alikuwa amesimama katikati yetu, hajui amsikilize nani.

"Hukusikia?" mkuu akamwambia. "Mwalimu wako amesema nenda darasani."

Radhi hakuniomba hadi anastaafu, na mpaka leo hilo linanikera. Lakini mtoto aliingia darasani na matope yake, na mimi nikaingia nyuma yake kufundisha.