Ufa wa Jani la Mkungu

Siku ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, ni ile niliyosimama barazani kwa Mama Saida, mteja wetu wa Mbweni, nikitazama dirisha langu la kwanza likipigwa na upepo. Watu wanasifia, mie naomba lisianguke.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu. Kazi ya vioo vya rangi nilijifunza Chang'ombe kwa Mzee Chilumba, mtu wa Newala aliyekuwa akichonga mpingo kabla hajahamia kwenye vioo. Wenzangu walikuwa wanaigaga maua ya kwenye kalenda. Mie nikasema simwigi mtu. Nikaokota jani la mti wa mkungu mlangoni pa karakana, lile linalogeuka jekundu kabla halijaanguka huku kikonyoni bado kijani, nikalichora kubwa. Nikakata vioo vyake kipande kipande, nikaviunga kwa mikanda ya risasi. Risasi ya kuungia hiyo, si ya bunduki, usinikodolee macho.

Lilikuwa jani zuri, wala sijisifu. Ila wakati nakaza mikanda, kile kipande kikubwa chekundu cha katikati kikapata ufa, mwembamba kama unywele. Na kioo chekundu kilikuwa kimeisha. Nikajiambia, si wazee wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta? Basi nikaziba. Nikapaka gundi, juu yake rangi, na Mzee alipopita kukagua nikasimama upande wa ule ufa kumkinga asiuone. Mficha uchi hazai, nami nilikuwa nimeficha.

Siku ya kulifunga ukutani ndipo nikaona. Chini ya dirisha lile Mama Saida alikuwa anatandika mkeka, na kila alasiri wajukuu zake na watoto wa jirani walikaa pale kusoma juzuu. Yule mdogo kabisa alikuwa na mahali pake, usawa wa kile kipande chekundu. Nikaona, nikanyamaza, nikaaga.

Nilirudi Chang'ombe sina raha. Bati likigonga nje, nashtuka. Ikifika alasiri namwona yule mtoto kaketi pale, nawaza kioo kinavyokata. Mara najifariji kwamba gundi itashika, mara nasema kesho nitasema, na kesho inapita. Siku ya tano Mzee akaweka chini alichokuwa anafanya, akaniuliza:

"Wee binti, unaumwa au umeharibu?"

"Nimeharibu, babu." Nikamweleza yote huku nalia.

Hakufoka. Heri angefoka. "Ufa wa ukuta unazibwa," akasema. "Wa mpingo na wa kioo unafuatwa. Ukiuficha, unatembea. Ungeniambia siku ile tungeupitishia risasi, ukawa mshipa. Jani gani hilo lina mshipa mmoja? Haya, twende ukamwambie mwenye nyumba. Mie sifungui mdomo."

Na kweli hakuufungua. Tulifika watoto wako mkekani. Nikamwambia Mama Saida kwamba kile kipande chekundu kina ufa, na kwamba niliuficha. Kwanza akawaondoa watoto, taratibu, mmoja mmoja, akakunja na mkeka. Kisha akasema, lishusheni. Tulipolishusha dirisha, ufa ulikuwa umeshatembea, umebakiza upana wa kidole kufika ukingoni.

Tulilitengeneza pale pale uani. Mzee akakipasua kile kipande kabisa, akiufuata ule ufa, nami nikachonga kingo na kupitisha mkanda wa risasi katikati. Ukawa mshipa, ungedhani niliuchora tangu mwanzo. Tukalirudisha ukutani, nikaanza kukusanya vifaa.

"Ngoja," Mama Saida akasema. Akautandika ule mkeka. "Leo watoto hawakai hapa. Kaa wewe."

Nikakaa mahali pa yule mdogo. Kila upepo ukija shingo inakakamaa, natamani kutazama juu na naogopa kutazama. Nilikaa hivyo mpaka adhana ya magharibi. Ndipo akaniletea chai, akasema kesho watoto watarudi.

Sasa wewe nakuona unachora majani yako, na mkono unao. Chora lako, usiige la mtu. Lakini likipata ufa, sema siku hiyo hiyo, hata ukiona aibu, maana aibu ya siku moja inapita na hofu ya kuficha hailali. Na usimwambie mtu kazi imekwisha kabla hujatandika mkeka ukakaa chini yake mwenyewe. Mie mpaka leo nakaa chini ya kila dirisha ninalolifunga, na mpaka leo naogopa.

Mungu akupe mikono yenye uangalifu na mdomo usioogopa kukiri, mwanangu, na kila utakachokiweka juu ya vichwa vya watoto wa watu, akishike pamoja nawe.