Moto Aliouwasha Letisia

Letisia alizaliwa Hirbadaw kwa wafugaji, akaolewa Katesh. Kampuni binafsi za utalii zilipoanza kuleta watu, akawa mpishi wa wageni waliopanda Mlima Hanang.

Utotoni mwake wazee walichoma nyasi mapema, zikiwa na ubichi. Moto ulipita chini chini, ukazimika wenyewe. Baadaye moto wowote ukapigwa marufuku. Nyasi zikarefuka, zikakauka, zikalaliana mwaka hadi mwaka. Wageni nao walikata vichaka kusimika mahema, na penye kambi pakabaki vumbi na magugu.

Mwaka uliofuata kuzaliwa kwa mkoa wa Manyara, wakati wa kiangazi, alikuwa mlimani na wageni wawili, pamoja na shemeji yake Vicent, aliyebeba mizigo. Kundi lililotangulia lilikuwa limeacha makaa kambi ya chini. Mchana upepo uliyaamsha, moto ukaanza kupanda kuwafuata.

Letisia alichukua kiberiti, akawasha nyasi zilizokuwa mbele yao.

"Shemeji, umerukwa na akili?" Vicent alipiga kelele.

"Zikishaungua tutasimama kwenye majivu. Usikimbie! Moto unapanda haraka kuliko mtu."

Vicent hakumsikiliza. Alikimbilia korongoni. Letisia aliwavuta wageni wale hadi penye majivu ya moto, akawalaza kifudifudi, akawafunika blanketi alilolilowesha maji ya kupikia. Moto mkubwa uliwapita pande zote mbili.

Vicent walimkuta jioni, korongoni.

Msibani, Letisia aliitwa ndani na mama mkwe wake, Perpetua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Niambie, mwanangu ameuawa na moto upi? Wa wageni au wako?"

Letisia alipiga magoti. "Sijui, mama. Yote miwili ilifika korongoni."

Perpetua alisogea kwenye mkeka, akampisha nafasi. Walikaa hivyo mpaka siku ya kuanua tanga.

Miti iliyoungua juu mlimani haikuchipua, pakajaa magugu. Baadaye kijiji kiliruhusiwa kuchoma nyasi mapema, chini ya usimamizi, na mwenyekiti akaja kumwomba Letisia awaonyeshe vijana.

"Tafuteni mwingine," alisema. "Mimi kiberiti nakiwashia jiko tu."

Siku ya kuchoma alifunga madirisha, akaenda kukaa na Perpetua.