Gari la Baba Mdogo na Dole la Mzee Bura

Jamani, leo nimejichukia. Someni, halafu mpitishe daftari letu hili la kuandikiana.

Baba mdogo kapindua gari lake la mbio, lile jekundu la milango miwili, kwenye kona ya Ganako. Alikuwa peke yake, anajionyesha tu! Jirani yetu Mzee Bura ndiye aliyelivuta toka mtaroni kwa trekta lake.

Gari lina bima ndogo. Ukijiangusha mwenyewe, hulipwi kitu; ukigongwa, aliyekugonga ndiye anayelipa.

Basi baba mdogo akaniambia, "Wewe msomi, andika kwa Kiingereza kwamba trekta ndilo lililonigonga."

Nikaandika. (Mnanijua, sijui kukataa.)

Mzee Bura hajui Kiingereza. Akaambiwa ni karatasi ya kumshukuru, aweke dole gumba tu. Dole limeshapakwa wino, akanigeukia: "Mwanangu, hebu nisomee kwanza."

Baba mdogo akanikonyeza, huku anatabasamu.

Nikamsomea mzee kwa Kiswahili, neno kwa neno, yote niliyoandika.

Akafuta wino kwenye suruali yake, taratibu. Wala hakumtazama baba mdogo. Aliniuliza mimi: "Na huu mwandiko ni wa nani?"

"Wangu, babu."

Nyie mngejibuje?